Chai ya rangi kwa watoto wadogo: tuendelee nayo au tuiache?

Wadau, kuna hoja inarudiwa sana huku kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, Njombe na Rungwe: eti anayesema watoto wadogo wasipewe chai anaua zao letu. Naipinga kabisa, ingawa najua ni kaya ngapi huku zinasomesha watoto kwa kuuza majani mabichi ya chai.

Takwimu za kitaifa za Tanzania za 2022 zilionyesha udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni karibu asilimia 57 Iringa na 50 Njombe. Wastani wa nchi ni 30. Mikoa hii hii ndiyo inayolisha wengine mahindi, viazi na maharage! Sisemi chai ndiyo inayodumaza. Sababu ni nyingi, na mama kuelemewa na shamba ni mojawapo. Lakini tazama anachopewa mtoto wa mwaka mmoja na nusu asubuhi: kikombe cha chai ya rangi yenye sukari na kipande cha andazi. Tumbo lake dogo likishajaa chai, uji wa ulezi hauna pa kukaa.

Halafu kuna tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye chai. Ikikutana tumboni na madini ya chuma ya maharage na mboga za majani, hushikamana nayo na mwili hupata kidogo sana. Mtoto anayeona nyama sikukuu kwa sikukuu hutegemea mboga hizo hizo kuongeza damu. Mjamzito naye yumo humo. Mtu mzima mwenye afya anywe yake kwa raha, asubiri tu kama saa moja baada ya kula.

Wanaosema ni asili yetu wakumbuke kuwa chai ililetwa na Wajerumani, wakaijaribu Amani, kule Tanga, na Rungwe mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kabla ya hapo watoto wa Kinyakyusa walikuzwa kwa ndizi na maziwa.

Na soko? Chai yetu nyingi huuzwa nje, kwa mnada wa Mombasa na, tangu 2023, wa Dar es Salaam pia. Kikombe cha mtoto wa Lupembe hakipandishi bei ya huko hata senti.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa chini ya miaka miwili wasipewe chai. Nataka kila kliniki ya watoto huku iliseme hilo waziwazi, kila mama anapokuja kupima uzito wa mwanawe. Anayepinga aeleze: mtoto huyo atapoteza nini akinywa maziwa au uji badala yake?