Paini "zenye dawa" kumbe hazina. Nipake nini zikae nje?

Mama Kibaraza:
Wakuu habari za jioni. Nina kibanda cha chakula Kigamboni, upepo wa bahari unafika. Nimenunua mbao za paini za Mafinga, za inchi mbili kwa nne na mbili kwa sita, nitengeneze mabenchi na kivuli cha makuti. Muuzaji kaniapia zina dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Fundi kuzikata jana, ndani nyeupe pee, ukijani uko juu juu kama rangi ya kucha. Kurudisha ndiyo basi tena, na masika hayo yanakuja. Fundi anasema tupake oili chafu yaishe. Nimwambieje?

Randa Butu:
Pole dada, umepigwa. Mbao ya dawa hutiwa kwenye mtambo, dawa ikasukumwa kwa shinikizo mpaka ndani. Hizo zako zimepakwa tu. Kwanza, zimekauka?

Mama Kibaraza:
Nzito kweli.

Randa Butu:
Basi mbichi. Zipange kivulini juu ya matofali, kila safu itenganishwe na vijiti upepo upite. Ziache wiki kadhaa. Siku ukizinyunyizia maji yakanywewa upesi, ujue ziko tayari kunywa na dawa. Ukiipaka mbichi rangi itavimba malengelenge, na ndani itaoza kimyakimya.

Mzee wa Zizi:
Oili chafu msiibeze vijana. Nguzo za zizi langu nilizipaka hiyo hiyo na zimesimama.

Chumvi Feri:
Shikamoo mzee. Ng'ombe havai kanzu nyeupe ya Ijumaa! Mteja akikalia benchi lenye oili hiyo hatarudi. Tena ina masalia ya injini yasiyofaa karibu na chakula, na ukija kutaka kupaka rangi juu yake haishiki.

Mzee wa Zizi:
Marahaba. Kwa kanzu umenishinda.

Kobe wa Pugu:
Paka mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, mchwa hawasogei.

Randa Butu:
Mrututu mtupu mvua inauosha, na unakula misumari. Dada, tafuta dawa ya mbao ya kupaka, iliyoandikwa ni ya nje, na kipimo kifuatwe. Vichwa vya mbao ndivyo vinavyokunywa maji kuliko ubavu, kwa hiyo vichovye kabisa, na kila fundi anapokata au kutoboa, parudiwe kupakwa dawa. Ikikauka piga praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, halafu rangi ya mafuta mikono miwili. Vanishi isiyo na rangi achana nayo. Jua linaipenya, mbao inachakaa chini yake, mwisho inabanduka kama ngozi ya nyoka.

Ila penye kesi kubwa ni nguzo. Ukizichimbia zitaoza pale usawa wa ardhi, maana unyevu na hewa vinakutana hapo, na mchwa wanapandia humo humo. Mwaga zege lipande juu ya ardhi, juu lilale kidogo maji yateremke, nguzo ikae kwenye kiatu cha chuma, yaani kishikio cha kuibeba. Mchwa wakija utaona njia yao ya udongo mapema. Miguu ya mabenchi nayo isikanyage mchanga.

Chumvi Feri:
Na skrubu ziwe zilizochovywa kwenye zinki. Huku kwetu chumvi inamaliza misumari ya kawaida kabla mbao haijachoka.

Mama Kibaraza:
Asanteni sana. Viatu vya chuma nitamwona mchomeleaji kesho. Fundi kanuna, anasema nimesomea wapi useremala. Vile vipande vya mbao nimempa dada wa jikoni awashie moto, angalau visipotee bure.

Randa Butu:
Vitoe jikoni sasa hivi! Huo ukijani hatujui ni kitu gani. Ikiwa ni dawa yenye aseniki, moshi wake na majivu yake ni sumu.

Mama Kibaraza:
Nimevitoa. Sasa wamenuna wawili.