Bunduki ya XRF au maabara ya AAS: ipi ipime marudio Chunya?

Mwalo_Makongolosi: Wakuu habari za jioni. Nina rundo la marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa dhahabu), nataka kujua dhahabu iliyobaki kabla sijalipia vati (tangi la kuchenjulia kwa kemikali). Mmoja ananikodishia bunduki ya XRF (kipimo cha mkononi cha eksirei), mwingine anasema nipeleke maabara, wapime kwa AAS (mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na atomi). Wote wanadai wanapima kwa mwanga. Sasa tofauti nini?

Mwl_Kemia_Iringa: Zote ni spektroskopia, yaani kutambua kitu kwa mwanga wake, ila mwanga haufanyi kazi ileile. AAS ni ya kufyonza. Sampuli inayeyushwa kwa asidi, inapulizwa kwenye mwali wa moto, taa inamulika, na atomi za dhahabu zinameza mwanga wa nanomita 242.8. Mwanga ukipungua sana, dhahabu ipo nyingi. XRF ni ya kutoa: eksirei inang'oa elektroni ya ndani, ya nje inashuka kuziba pengo, na atomi inatema eksirei yenye nishati ya elementi hiyo tu. Ya tatu, infraredi, achana nayo, inasoma mitikisiko ya molekuli. Inafaa udongo wa shamba, dhahabu haiioni.

Dada_Sampuli: Nimekaa maabara miaka. Marudio ya gramu moja mbili kwa tani ni sehemu moja mbili kwa milioni, hapo bunduki inabahatisha. Halafu tungsteni na zinki zina mistari ya eksirei inayogusana na wa dhahabu (wenye nishati ya keV 9.71). Unashangilia, kumbe tungsteni.

Mnunuzi_Sokoni: Mnaionea bunduki! Mezani kwangu kitonge cha dhahabu nakijua asilimia zake chini ya dakika. Nikimwambia mteja nakitia kwenye asidi si atanipiga?

Dada_Sampuli: Kitonge sawa kaka, hiyo ni asilimia. Lakini inasoma ngozi tu. Kilichopakwa dhahabu nje je?

Mnunuzi_Sokoni: Ndiyo maana nakiyeyusha upya kwanza. Niliwahi kuumia.

Mwalo_Makongolosi: Na mionzi yake?

Mwl_Kemia_Iringa: Ukiachia kifyatulio eksirei inakatika. Usishike sampuli mkononi ukipima, na mwenye mashine akuoneshe kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki.

Dada_Sampuli: Kwa marudio nenda AAS. Ila sampuli umechukuaje?

Mwalo_Makongolosi: Ndoo moja, juu ya rundo.

Dada_Sampuli: Basi watakupimia ndoo, si rundo. Chimba pembe zote na katikati hadi chini, changanya, gawa nne, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ibaki kilo chache.

Mwalo_Makongolosi: Duh. Kesho naamka na koleo.