Maua ya porini mahali patulivu: Saiwa, Kakamega au Menengai?

Nyakisumu: Wadau, mamangu ana miaka 70 na ameniambia hataki kuona simba. Anataka maua yanayojiotea kwenye nyasi, na kimya. Anatembea vizuri ila polepole. Tunatoka Kisumu. Twende wapi?

ShambaKitale: Saiwa, kule karibu na Kitale, hapo hakuna mjadala. Ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, haifiki kilomita 3 za mraba. Ilitengwa 1974 kumlinda nzohe, yule swala wa kinamasini. Gari linabaki getini, ndani ni miguu tu, mnapita juu ya njia za mbao. Kelele utakayosikia ni ya ndege. Vile vilingo vya kutazamia mama asipande, na mbao zikiloa zinateleza.

KipepeoWaBuyangu: Ameuliza maua, wewe unamuuzia nzohe! Kinamasini mafunjo ndiyo yametawala. Mimi ningempeleka msitu wa Kakamega, upande wa Buyangu. Katikati ya msitu kuna viwanja vya nyasi visivyo na miti. Jua linafika chini, kwa hiyo maua yanapata nafasi, na vipepeo wanayafuata. Nendeni mvua za masika zikishashika, mwezi wa nne au wa tano, nyasi ikiwa mbichi. Lakini ingieni asubuhi! Kule mvua hupenda kunyesha alasiri. Na suruali ichomekwe ndani ya soksi. Siafu wa Kakamega hawamjali mzee wala mgeni. Mimi nilicheza isukuti, ile dansi ya Waluhya, bila ngoma.

MtuWaNakuru: Menengai ni kwetu na ninaipenda, ila kwa mama hapana. Mnasimama ukingoni, mita 2,278 juu, upepo unapiga, mnatazama shimo la volkano. Maua yapo, moja hapa jingine kule. Halafu kutoka Kisumu ni mbali.

Nyakisumu: Barabara ya Kitale si inapitia Kakamega na Webuye? Naweza kuunganisha Buyangu na Saiwa siku moja?

ShambaKitale: Utamchosha mama bure. Nzohe huonekana alfajiri na jioni, sasa ukifika saa saba mchana utaona nini? Laleni Kitale. Na kwa maua, nakubali Kipepeo amenishinda, ingawa ukingoni mwa kinamasi pia hukosi.

KipepeoWaBuyangu: Asante kwa kukiri 😄 Nyakisumu, kote kuwili ni chini ya KWS, shirika la wanyamapori, kiingilio mnalipa kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali. Lipieni kabla ya kutoka nyumbani, msianze kutafuta mtandao getini.

Nyakisumu: Basi Buyangu kwanza, Saiwa safari nyingine. Mama anauliza kama anaweza kuchukua mbegu kidogo akapande nyumbani.

KipepeoWaBuyangu: Hairuhusiwi. Hata ua moja.

Nyakisumu: Nimemwambia. Amenyamaza, na anatafuta ule mkoba wake mkubwa.