Doa la manjano limegoma kwenye kaunta ya jikoni

Mama Salma: Wakuu habari. Kaunta yangu ni jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu, nyumba ya kupanga. Binti kasagia manjano mabichi hapo, majimaji yakalala mpaka asubuhi. Sabuni ya vyombo imeshindwa. Jirani anasema nikamulie ndimu na chumvi. Nifanyeje?

Kijana wa Ghetto: Ndimu tu mama. Ikikataa mwagia jiki, yangu inang'aa hatari.

Fundi Mawe: Yako itakuwa graniti, mkuu, ndiyo maana imevumilia. Ya Mama Salma ni marumaru, na marumaru haipatani na ndimu, siki wala dawa ya choo, zote zinaila. Hapo doa litatoka, ibaki alama iliyofifia isiyofutika hadi fundi aje na msasa. Kama una shaka, dondoshea ndimu kwenye kona iliyojificha: ikitoa vipovu, ni marumaru, suuza haraka. Na jiki isikutane kabisa na siki au dawa ya choo, ile hewa yake inachoma mapafu.

Nenda duka la dawa uulize haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kuoshea vidonda. Koroga na bekingi soda upate rojo zito lisilotiririka. Jaribu kwanza pembeni. Paka unene wa nusu sentimita, lipite kingo za doa, funika na nailoni uitoboe kwa sindano, acha saa 24. Kisha toa nailoni uliache likauke lenyewe. Usilikwangue likiwa bichi! Likiwa linakauka ndipo linavuta rangi kutoka ndani ya jiwe. Kwangua kwa mwiko wa mbao. Manjano mara nyingi hutaka kurudiwa.

Bi Mwanahamisi: Na manjano hayapendi jua. Kama kaunta iko dirishani, mwanangu, fungua pazia.

Kijana wa Ghetto: Sawa fundi, nimenyoosha mikono. Mafuta ya chipsi kwenye graniti nyeusi je?

Fundi Mawe: Peroksaidi usiguse, inaweza kupausha jiwe jeusi. Bekingi soda na sabuni ya vyombo, utaratibu uleule.

Mama Salma: Ahsanteni. Lisijirudie, napaka nini?

Fundi Mawe: Weka tone la maji. Jiwe likiiva rangi ndani ya dakika chache, linakunywa. Linahitaji dawa ya kuziba vinyweleo. Hiyo mwambie mwenye nyumba anunue.