Mjadala: Watupaji wa mwaka wa kwanza kwenye besiboli ya vyuo wawekewe kikomo cha mitupo?

Mwanzisha mada

Wadau, kila Novemba vyuo vya Marekani hutangaza vijana waliosaini kuja kucheza besiboli, na kelele huwa zile zile: nani kanasa watupaji wanaofika maili 95 kwa saa, nani ataporwa mtu na drafti, yaani siku timu za MLB, ligi kuu ya kulipwa, zinapochagua vijana, kabla hajafika chuoni. Watatumikaje wakishafika? Hapo kimya. Mimi naona mikono inaharibika hapo hapo, ndiyo maana nauleta mjadala huu.

Kwa ambao hawaufuati mchezo, niwaweke sawa kidogo. Msimu wa chuo unaanza katikati ya Februari, mechi 56 kabla ya mtoano, na fainali huchezwa Omaha, Nebraska, mwezi Juni. Wikendi timu mbili hukutana mara tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Katikati ya wiki, mara nyingi Jumanne, kuna mechi moja na chuo cha jirani. Mtupaji bora huanza Ijumaa, wa pili Jumamosi, wa tatu Jumapili. Jumanne huachiwa kijana mgeni. Asiyepata siku yake hukaa na watupaji wa akiba, akisubiri mwenzake aelemewe.

Hoja yangu: NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iweke kikomo cha mitupo na siku za kupumzika, angalau kwa mwaka wa kwanza. Mpaka sasa haina kitu hicho. Na si kwamba hakuna pa kuanzia. MLB na USA Baseball, shirikisho la besiboli la Marekani, walitoa mwongozo wa Pitch Smart mwaka 2014: miaka 17 hadi 18, mitupo isizidi 105 kwa siku, na akifika 81 apumzike siku nne, miaka 19 hadi 22, isizidi 120. Sekondari nako, tangu 2017 majimbo yanayofuata kanuni za NFHS, shirikisho la michezo ya sekondari, yanatakiwa kuwa na kikomo. Kwa hiyo kijana yule yule mwezi Mei akiwa sekondari analindwa na sheria, Februari inayofuata akiwa chuoni analindwa na busara za kocha tu. Na kocha huyo kibarua chake kinaamuliwa na matokeo ya Juni.

Chukueni chuo cha Vanderbilt, Nashville, mwaka 2019. Kumar Rocker, mwaka wa kwanza, miaka 19. Juni 8 anapangwa dhidi ya Duke, na timu yake ikipoteza siku hiyo msimu umekwisha. Anatupa awamu zote tisa, haruhusu hata hiti moja (pigo linalomfikisha mpigaji kituoni salama), wapigaji 19 anawatoa kwa straiki tatu, yaani mitupo mitatu waliyoshindwa kuipiga ipasavyo. Nchi nzima ikasimama kumpigia makofi. Mitupo: 131. Hata ule mwongozo wa 120 ulipitwa, na sikumbuki kusikia mtangazaji yeyote akilisema hilo kwa sauti ya wasiwasi.

Karibuni. Matusi hapana.

Mdau wa Nashville

Mkuu, mfano uliouchagua unakugeuka. Baada ya mechi ile Rocker alipumzika zaidi ya wiki, akaenda Omaha, akatupa vizuri, Vanderbilt ikabeba kombe, naye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Bega lilianza kuzungumzwa 2021, timu ya Mets ya MLB ilipomchagua wa 10 kwenye drafti, halafu wakakataa kumsaini baada ya vipimo. Kiwiko kilifanyiwa upasuaji 2023. Septemba 2024 alikuwa anatupa ligi kuu na Texas Rangers. Utachoraje mstari kutoka usiku mmoja wa 2019 mpaka chumba cha upasuaji miaka minne baadaye?

Kinachoua viwiko ni kasi. Upasuaji wa Tommy John, ule wa kuweka kano mpya ndani ya kiwiko, ulifanywa mara ya kwanza na Dk. Frank Jobe mwaka 1974 kwa mtu ambaye wala hakusifika kwa kasi, lakini leo vijana wanafanyiwa hata kabla ya kuhitimu sekondari, kwa sababu tangu miaka 13 wanafundishwa kutupa kwa nguvu zote kila mtupo. Weka kikomo cha 105: atatupa 105 kwa hasira badala ya 120 kwa akili.

Halafu mwone Kade Anderson wa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, fainali ya 2025 na Coastal Carolina. Mechi ya kwanza alitupa yote peke yake, mitupo 130, wakashinda 1-0. Mwezi uliofuata Seattle walimchukua wa tatu kwenye drafti. Ungemwambia atoke?

Mwanzisha mada

Ningemwambia atoke, ndiyo. Ila Anderson alikuwa mwaka wa pili, na mwaka wake wa kwanza LSU walimlea taratibu, mara nyingi akitokea akiba. Huo ndio mfano wangu, siyo wako.

Kuhusu mstari wa kuchora: sisemi mitupo 131 ndiyo ilimvunja Rocker. Nasema hakuna mtu uwanjani pale aliyekuwa na wajibu wa kuuliza swali.

Kocha wa Jioni

Niingie kidogo. Nasaidia timu ya sekondari huku Ohio, kazi yangu ni kukaa na watupaji wa akiba nikiwa na kile kidude cha kubofya cha kuhesabia. Nyote wawili mnabishana juu ya namba iliyo rahisi kuhesabu.

Angalieni mtoto wa akiba anavyoishi. Awamu ya tano anaambiwa jiandae. Anavua jaketi, anatupa kumi taratibu, kumi na tano kwa nguvu. Mwenzake mlimani, pale kwenye kilima cha kutupia, anajinasua, ishara inakuja: kaa. Jasho linakauka, mkono unapoa. Awamu ya saba, jiandae tena. Kaa tena. Awamu ya nane, hivyo hivyo. Mechi inakwisha hajaingia. Kitabu cha mechi kinaandika sifuri, na kesho yake kocha mkuu anasema huyu ana mkono mpya, hajatumika. Mkono gani mpya? Umetupa zaidi ya 60, tena kwa vipande, ukipoa na kupashwa mara tatu.

Ndiyo maana mtoto mgeni nampendelea Jumanne kuliko akiba ya wikendi, hata kama Jumanne anatupa 70. Anajua siku yake, anajua saa ya kuanza kupasha, anajua kesho hatupi. Mwili wa miaka 18 unataka ratiba.

Mdau wa Nashville

Kocha, hapo umenena. Lakini Paul Skenes je? Mwaka wake wa kwanza, 2021, alikuwa Air Force, chuo cha jeshi la anga, akidaka mpira na pia akifunga mechi kama mtupaji wa mwisho, alizifunga 11. Baadaye akahamia LSU, na 2023 akatoa wapigaji 209 kwa straiki tatu, rekodi ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, wakachukua kombe, Pirates ya MLB wakamchagua wa kwanza kabisa. Akiba haikumdhuru.

Kocha wa Jioni

Mfungaji mechi anajua ataitwa lini: awamu ya mwisho, timu ikiongoza kwa mikimbio (pointi) michache. Hiyo ni ratiba pia. Anayeteseka ni yule wa katikati, wa awamu ya tano hadi ya nane, na hapo ndipo wageni wengi wanatupwa. Skenes si kipimo, yule ni jitu.

Mama wa Dallas

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi si mtaalamu, ni mzazi. Mwanangu yuko darasa la 11, anatupa, na vyuo vimeanza kupiga simu. Kuna mmoja tulizungumza naye kwa video, akasema kijana "atachangia mapema". Nikamuuliza, kuchangia maana yake atupe siku gani na mara ngapi? Akahamia kwenye ukumbi mpya wa mazoezi na chakula. Baba yake akafurahi na chakula. Mimi bado nimekaa na swali langu.

Sisi tumekulia Mwanza, besiboli tumeijulia huku. Naomba mnisaidie: niulize nini?

Kocha wa Jioni

Marahaba, mama. Swali lako ni zuri kuliko mada yenyewe. Uliza watupaji wao wa mwaka wa kwanza msimu uliopita walitupa awamu ngapi, na uombe jibu liwe namba. Uliza wangapi kati yao wamefanyiwa upasuaji. Uliza kupasha bila kuingia kunahesabiwa na nani, kunaandikwa wapi. Uliza pia vuli inakuwaje, maana watu hutazama Februari na kusahau kwamba Septemba na Oktoba vijana wanatupa kwa nguvu zote kugombea nafasi, hakuna mashabiki, hakuna takwimu. Akikupeleka tena kwenye ukumbi wa mazoezi, umeshajibiwa.

Msomi wa Takwimu

Mnasahau pesa. Zamani timu nzima ya chuo ilikuwa na udhamini wa masomo 11.7 tu wa kugawana. Tangu msimu wa 2025-26, kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya kesi ya House, ile ya malipo kwa wachezaji wa vyuo, kikomo hicho kimeondoka, kuna kikomo cha wachezaji 34. Na dirisha la uhamisho liko wazi kila mwaka. Matokeo yake, kocha hana subira na mtoto wa miaka 18. Kwa nini amlee miaka miwili wakati anaweza kuchukua mtupaji wa miaka 21 kutoka chuo kingine?

Na mtoto mwenyewe hana subira pia. Chase Burns alianza mechi akiwa mwaka wa kwanza Tennessee 2022. Mwaka uliofuata akahamishiwa akiba. Akafungasha, akaenda Wake Forest, 2024 akaongoza nchi nzima kwa kuwatoa wapigaji 191 kwa straiki tatu, Reds ya MLB wakamchukua wa pili. Mkiweka kikomo kwa mwaka wa kwanza pekee, mnawapa makocha sababu nyingine ya kutowasajili kabisa.

Mwanzisha mada

Hoja nzito hii, na jibu langu ni kwamba basi kikomo kiwe kwa wote, si wageni tu. Naibadilisha mada yangu hapo. Maana mwaka 2009 Texas na Boston College walicheza awamu 25, na Austin Wood wa Texas, mwaka wa nne, aliingia kutoka akiba akatupa awamu 13, mitupo 169, na siku iliyotangulia alikuwa ametupa pia. Watu wanaisimulia kama ushujaa. Ligi kuu hakufika.

Na la Kocha nalichukua pia: mtupaji aliyepashwa mara mbili bila kuingia, siku hiyo ihesabiwe ametupa, na kesho asiguswe.

Mdau wa Nashville

La kupashwa mara mbili nakubali, tena leo. Ni rahisi kuliona, hata mwamuzi wa pembeni anaweza kuliandika. Kikomo cha 105 sikikubali. Nikilazimishwa, nitakubali 120 kwa mechi za kawaida, mtoano uachwe kocha na mchezaji waamue.

Mwanzisha mada

Mkuu, Rocker na Duke ulikuwa mtoano. Wood na Boston College, mtoano. Anderson alikuwa fainali. Machi hakuna kocha anayemwacha mtu afike 130, hana sababu. Ukiutoa mtoano kwenye sheria, nitajie mechi moja ambayo sheria hiyo ingeigusa.