Slaidi za somo la moyo: watoto wananakili tu, hawasikilizi

Mwl wa Baiolojia: Habari zenu walimu wenzangu, naombeni msaada. Nafundisha kidato cha pili, shule imepata projekta na sasa tupo kwenye mzunguko wa damu, ila nikiwasha tu slaidi kila mtu anainamia daftari anakopi mpaka nukta, naongea peke yangu, nikiuliza damu ikitoka mapafuni inaingia chumba gani, kimya. Maelezo nimeyaweka yote kwa sababu vitabu ni vichache, bila notsi watasoma nini? Nizipangeje jamani?

Ticha wa Zamani: Pole mwalimu. Watoto hawana kosa, wakiona maandishi ukutani wanajua hizo ndo notsi na zikipita zimepita. Notsi toa mwishoni, kopi moja kila dawati, na waambie mapema zipo ili waweke kalamu chini. Slaidi ibaki na mchoro. Mtu hawezi kusoma aya na kukusikiliza kwa wakati mmoja, Profesa Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kalifanyia utafiti miaka mingi: picha na sauti yako vinatosha, ukiweka tena maneno yaleyale kwa maandishi unawaongezea mzigo.

Anza na moyo mtupu usio na jina hata moja, uliza ukuta upi ni mnene na kwa nini, waache wabishane kwanza. Ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo, inasukuma damu mwili mzima, ya kulia inaipeleka mapafuni tu hapo jirani. Ndo ulete mishale ya njia ya damu mmojammoja, na kabla hujabonyeza mtoto aseme unaofuata unaenda wapi. Halafu kuna kitu kinawachanganya sana, kushoto kwa moyo kwenye mchoro kuko kulia kwa anayetazama. Simamisha mwanafunzi mbele awatazame wenzake, anyooshe mkono wa kushoto, wataelewa palepale.

Mama Sayansi: Naongezea kwenye rangi. Michoro mingi inapaka upande mmoja bluu na watoto wanamaliza shule wakiamini tuna damu ya bluu!! Waambie ni alama tu, damu yenye oksijeni kidogo ni nyekundu iliyokolea. Kama madirisha hayana pazia weka herufi nyeusi kwenye nyeupe, saizi isishuke chini ya 28, na kakae dawati la nyuma kabisa kabla ya kipindi uone kama inasomeka. Ukitaka wakutazame wewe, slaidi za PowerPoint zikiwa zinaonyeshwa bonyeza herufi B, skrini inakuwa nyeusi, ukibonyeza tena inarudi.

Chaki Mkononi: Mimi nipo tofauti kidogo. Moyo lazima wauchore wenyewe, mtoto akiona mchoro uliokamilika anaona rahisi ila kwenye mtihani mkono haujui uanzie wapi. Nachora ubaoni hatua kwa hatua wananifuata, projekta naiwasha kwa kile ambacho chaki haiwezi, video fupi ya vali, vile vilango vya moyo, zikifunguka na kufunga, basi. Na umeme ukikatika kipindi kinaendelea.

Mwl wa Baiolojia: Asanteni sana aisee. Jumatatu nina vipindi viwili mfululizo, cha kwanza tutachora pamoja, cha pili naleta mishale. Ila hizo kopi, kwangu wanakaa watatu watatu, nani anaondoka nayo nyumbani?

Ticha wa Zamani: Asiondoke nayo mtu, zikusanye akae nazo monita na nyingine bandika ukutani darasani, jioni wakati wa prepo ndo wakopi kwa nafasi.