Maharamia wa angani wanaivamiaje meli ya mizigo wakati kila kitu kinaonekana?

KalamuYaUsiku
Wakuu habari za muda huu. Nina stori naiandika huu mwaka wa pili, ni ya kivita angani, kuna manowari imepewa kazi ya kulinda meli za mizigo zinazosafiri nyota hadi nyota na kuna maharamia wanaozisumbua. Meli zinapita kwenye malango, unaingia lango la nyota hii unatokea nyota ile, maana bila hivyo hata Proxima Centauri ambayo ndo jirani yetu wa karibu kabisa iko miaka ya nuru 4.24, ukienda kwa asilimia 10 ya kasi ya mwanga ni miaka 42 njiani, sasa hapo utauza nini ufike bado kina mnunuzi.

Sura ya nne ndo imenikwamisha. Maharamia wamejificha nyuma ya jiwe kubwa la angani, meli inapita, wanachomoka. Rafiki yangu kaisoma akasema haiwezekani, angani hamna pa kujificha, na toka siku hiyo sijaandika hata mstari mmoja. Hii stori naipenda sana jamani. Uvamizi ufanyike wapi na vipi ili msomaji asione nimemdanganya?

FundiMitambo
Rafiki yako yuko sahihi mkuu. Anga ni baridi kama nyuzi 270 chini ya sifuri, afu meli yenye watu na injini inatoa joto muda wote, na hilo joto lazima litoke nje la sivyo mtaiva wote humo ndani. Mwenye darubini ya kuona joto anakuona ungali mbali mno. Nyuma ya jiwe utakaa, sawa, ila ukiwasha injini tu kila mtu anajua uko wapi na unaelekea wapi.

Ila mi naona tatizo lako kubwa sio kujificha, ni mwendo. Haramia anataka mzigo, so lazima aifikie meli na aende mwendo uleule ndo aweze kupanda. Chukulia meli inakwenda asilimia 10 ya kasi ya mwanga, yaani kilomita 30,000 kwa sekunde. Haramia akitokea kusimama, akaongeza mwendo kwa nguvu sawa na uzito wetu wa kawaida hapa duniani, atachoma mafuta siku 35 hivi mpaka alingane nayo, na siku zote hizo anaonekana. Na hawezi kuitishia kwa kitu kikali, maana kwa mwendo huo jiwe la kilo moja likiigonga linalipuka kama tani laki moja za TNT (bomu la Hiroshima lilikuwa kama tani 15,000), mzigo wote unageuka vumbi, kapata nini sasa?

Kwa hiyo katikati ya safari sahau. Vamia pale meli imeshafunga breki inakaribia lango.

JahaziLaZamani
Nakubaliana na Fundi kwenye fizikia ila naomba niongeze kitu maana hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Huwezi kujificha, sawa, lakini unaweza kudanganya. Kuonekana na kujulikana ni vitu viwili tofauti kabisa.

Angalia maharamia wa Somalia. Walikuwa wanateka jahazi au meli ya uvuvi, wanaigeuza meli mama, wanabeba humo boti zao ndogo na ngazi, wanaenda nazo mbali, na ukiwaona kwenye rada unaona wavuvi tu. Novemba 2008 waliiteka Sirius Star, meli ya mafuta yenye mapipa kama milioni mbili, mamia ya kilomita kutoka pwani ambapo hakuna aliyewategemea. Na yale mafuta hawakuyauza popote, wangeyapeleka wapi? Walitaka fidia, wakalipwa, Januari 2009 meli ikaachiwa. Ndo maana mi kwenye stori za anga nikisoma haramia anahangaika kuhamisha makontena nachoka kabisa, cha thamani ni meli yenyewe na watu waliomo, na yule bwana wa bima aliyekaa sayari nyingine anapiga hesabu alipe au asilipe.

So haramia wako awe kwenye msafara huohuo toka mwanzo. Meli ya mizigo kama zingine, jina halali, karatasi halali, ilitekwa miezi mitatu nyuma na hakuna aliyetangaza. Nahodha wako wa manowari amekuwa akiilinda siku zote hizo.

Na hata upande wa jeshi wanadanganya. Vita vya kwanza vya dunia Waingereza walikuwa na meli zinazoonekana za mizigo kabisa kumbe mizinga imefichwa, nyambizi ikisogea wanafungua. Fikiria pande zote mbili zinafanya hivyo kwenye msafara mmoja.

MsomajiMkongwe
Fundi na Jahazi mmeeleza vizuri sana, mimi nimesoma stori za hivi miaka mingi na ninachoomba ni kitu kimoja, dada au kaka KalamuYaUsiku usiwasahau mabaharia wa ile meli ya mizigo. Waandishi wengi wanakaa kwenye manowari tu, amri, makombora, vyeo, wale wengine wanakuwa kama mizigo nao.

Septemba 2010 meli ya Magellan Star ilivamiwa Ghuba ya Aden, mabaharia 11 wakazima injini wakajifungia kwenye chumba imara wakawa wanawasiliana kutoka humo. Maharamia wameshika meli lakini haiendi popote, na wenyewe hawawafikii watu. Kesho yake wanamaji wa Marekani wakapanda wakaikomboa. Sasa hiyo ipeleke angani, watu 11 chumba kimoja, hewa inapungua, na mtu wa upande wa pili wa mlango anabisha hodi kwa upole.

KalamuYaUsiku
Aisee. Ahsanteni sana wakuu, kaka inatosha MsomajiMkongwe. Lile jiwe nimelifuta usiku huu huu.

Nimeamua hivi, meli ya saba kwenye msafara ndo yenyewe, na wanavamia ya sita wakati zote zimepunguza mwendo kusubiri lango. Manowari iko mbele, kilomita milioni 18, so ni dakika nzima ya mwanga. Fundi nisahihishe kama nimekosea, ina maana mpishi aliyejifungia chumba cha injini akiuliza kitu jibu linamfikia baada ya dakika mbili?

FundiMitambo
Hujakosea. Dakika moja kwenda, moja kurudi, hapo nahodha awe amejibu papo hapo bila kufikiri.

KalamuYaUsiku
Hatajibu papo hapo. Atakuwa anaiangalia meli ya saba.